Darasa Nililolitilia Sahihi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti, nilipewa lori la matofali. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya ofisi ya ujenzi mjini Kitui, na Inspekta wa Majengo, mzee mfupi aliyevaa koti hata mwezi wa pili, alilionyesha kwa kidole akasema, "Hesabu." Hakuniuliza jina. Nilihesabu nikarudi kumwambia ni mia tisa na kumi na mbili.

"Umehesabu mara ngapi?"

"Mara mbili, bwana."

"Ya kwanza ilikuwa ya nini?"

Karani wa stoo alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii sasa mna kompyuta za kuwahesabia, lakini swali la yule mzee bado linawangoja, na mimi lilinichukua karibu maisha yote ya kazi kulijibu.

Cheo changu kiliitwa msimamizi wa ujenzi. Msimamizi hajengi, anamtazama anayejenga, na anayejenga hapendi kutazamwa. Tulikuwa na kipimo cha zege: unajaza zege kwenye kopo la chuma lenye umbo la kofia ndefu, unalinyanyua taratibu, kisha unapima zege imeporomoka inchi ngapi. Ikiporomoka sana, ujue fundi amemwaga maji ili koleo iwe nyepesi. Fundi mmoja aliniapia, "Mkubwa, hii zege ni tajiri, imejaa simiti." Nilimjibu kwamba tajiri hatiririki hivyo. Tulibishana nusu saa, akaongeza mifuko miwili. Nilikuwa nimeomba mitatu nikitaka mmoja.

Baadaye nilihamishiwa Makindu, chini ya Mhandisi wa Wilaya. Yeye alipenda karatasi moja kuliko zote: cheti cha kukamilika, yaani ile fomu inayosema jengo limekwisha na linafaa kutumiwa. Nilizunguka na fomu hizo kuanzia Makindu hadi Kiboko, kwenye jua la kukausha mate, nikipima kuta kwa timazi, ile kamba yenye risasi nzito mwishoni inayoonyesha kama ukuta umenyooka. Jioni Mhandisi aliniuliza neno moja tu: "Limesimama?" Nikisema limesimama, anagonga muhuri. Hakuna aliyeuliza ni vipi kuketi ndani saa nane mchana. Hata mimi sikuuliza, maana saa nane mchana nilikuwa chini ya gari nikitafuta kivuli.

Niliporudishwa Kitui nilikuwa nimeshahesabu majengo zaidi ya mia mbili yenye sahihi yangu. Moja, la kabla sijaenda Makindu, lilikuwa shule ya msingi kupita Matinyani, upande wa Kitui: vyumba viwili vinavyofanana, kuta za matofali, paa la mabati, bila dari. Siku moja nilipita hapo nikikagua tangi jipya la maji. Saa tano asubuhi nikakuta madawati yote yako nje, yamepangwa kwenye kivuli cha hilo tangi. Watoto walikuwa wanaandika. Kila baada ya muda mwalimu alipiga makofi, wote wakainuka, wakasogeza madawati hatua mbili, wakaketi tena. Kivuli kilikuwa kinatembea na darasa linakifuata.

Mwalimu Mkuu alikuwa mama wa makamo, mzee wa kanisa, mtu anayejua idadi ya chaki kwenye boksi. Nilimuuliza kwa nini hawatumii darasa.

"Hiyo tunaita jiko," akasema. "Asubuhi tunaingia. Ikifika saa nne tunatoka, kabla hatujaiva." Kisha kwa upole kabisa, bila kujua anaongea na nani, "Sijui ni nani alisema hii darasa iko sawa."

Nilijua. Cheti kilikuwa kwenye faili, na sahihi ilikuwa nzuri sana.

Mbaya zaidi, shule ilikuwa imepangiwa madarasa matatu mapya kwa ramani ile ile, yakingoja fedha tu. Nilikwenda kwa Msanifu Mkuu, bosi wetu aliyechora au kuidhinisha ramani zote. Nilimwambia tuweke dari, tuache matundu ya hewa chini ya paa, na tuligeuze jengo ili kuta ndefu zisipigwe na jua la asubuhi na la jioni.

"Mzee wangu, hayo ni maoni," akasema. "Mkandarasi ana maoni, mzazi ana maoni, hata mlinzi wangu ana maoni. Niletee hesabu kabla ramani haijaenda kwa mkandarasi. Bila hesabu, ni mdomo tu."

Ndiyo sababu, nikiwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu, nilirudi shule. Nilikuwa na digrii ya zamani iliyopigwa na vumbi. Sasa nikajiandikisha shahada ya uzamili, teknolojia ya usanifu na utendaji wa majengo, katika chuo kimoja Nairobi, masomo ya Ijumaa na Jumamosi. Utendaji wa jengo maana yake ni hii: usiulize jengo limesimama namna gani, uliza linawatendea nini waliomo ndani. Joto, hewa, mwanga, kelele. Ofisini walinicheka. "Hiyo shahada utaivaa kwenye jeneza?" Siku ya kwanza nilipoingia darasani wanafunzi wote waliinuka wakidhani mimi ndiye profesa. Niliwaacha wasimame kidogo, kisha nikaketi nyuma.

Msimamizi wa utafiti wangu alikuwa Daktari mmoja kutoka upande wa Murang'a, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Yeye ndiye alikuwa mlinzi wa loga. Loga ni kidude kama kiberiti. Unakitundika ukutani na chenyewe kinaandika joto kila robo saa, mchana na usiku, bila kuomba chai.

"Naweza kukupa mbili," akasema.

"Nipe sita."

"Mzee, hapa si soko."

"Basi tano, na nikizirudisha nakuja na nusu debe la ndengu za nyumbani."

"Unanihonga?"

"La, mama. Nakukaribisha kwetu kabla hujafika."

Akanipa tatu. Tatu ndizo nilizohitaji.

Kule shuleni, chumba cha kwanza niliacha kilivyo. Kwenye cha pili wazazi walinisaidia: tukaweka dari ya plaiwudi na kutoboa matundu ya hewa, tukayafunga kwa waya ili popo wasihamie. Loga ya chumba cha kwanza niliifunga juu kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Chumba cha pili kenchi zilikuwa zimefichwa na dari, kwa hiyo nikaitundika loga kwenye msumari ukutani. Ya tatu ilikaa nje kivulini, ndani ya kisanduku chenye mianya, juu kwenye mnara wa tangi. Kila Jumanne nilipanda na pikipiki kuangalia kama taa zake ndogo nyekundu bado zinapepesa. Zilikuwa zinapepesa. Nilikunywa chai ya Mwalimu Mkuu nikarudi Kitui.

Wiki sita zikaisha, nikamwaga hesabu zote kwenye kompyuta pale pale shuleni, loga nikaziacha kazini. Saa nane mchana chumba chenye dari kilikuwa na nafuu ya digrii tisa. Tisa! Nilimpigia Daktari, akasema hajawahi kuona dari iliyojituma hivyo. Nikampelekea Msanifu Mkuu karatasi moja. Akaisoma amesimama. "Ijumaa nabadilisha ramani," akasema. "Umenishinda, mzee."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano nikahesabu mara ya pili.

Kitu cha kwanza kilichonikera ni Jumamosi. Watoto arobaini ndani ya chumba wanapasha joto. Kila mtoto ni kama jiko dogo la makaa. Siku za shule chumba lazima kiwe tofauti na Jumamosi kikiwa kitupu. Katika hesabu za chumba cha pili Jumamosi na Jumatatu zilifanana kama mapacha. Cha pili kilikuwa cha ajabu zaidi. Mara moja kwa wiki joto lilipanda ghafla, likakaa saa moja, likashuka. Nilifungua kijitabu changu cha safari. Lilipanda kila Jumanne, muda ule ule niliokuwa nafika.

Nisiwafiche. Nilikaa na ile karatasi ya digrii tisa nikaitazama kama mtu anavyotazama mbuzi aliyejileta mwenyewe zizini. Hakuna aliyeuliza. Ramani ingebadilishwa Ijumaa, watoto wangepata dari, mimi ningepata shahada. Lakini cheti cha kwanza cha shule ile nilikisaini bila kuketi ndani, na hiki kingekuwa cha pili. Alhamisi nikapanda pikipiki. Safari hii niliizima chini ya mlima, nikamalizia kwa miguu.

Msumari ulikuwepo. Loga haikuwepo.

Mwalimu Mkuu alinikuta nimesimama mbele ya huo msumari. Hakushtuka hata kidogo. Alinipeleka ofisini, chumba cha zamani cha kuta nene za mawe, akafungua kabati la chuma kwa funguo mbili. Loga yangu ilikuwa rafu ya juu, imefungwa kwa leso safi, pembeni ya kengele na Biblia.

"Iko salama," akasema kwa fahari. "Tangu siku ile ya kwanza."

"Na Jumanne?"

"Nikisikia pikipiki inapanda mlima naitoa, natundika, ili upate kama ulivyoacha. Ile ya juu hakuna mtu anafikia. Lakini hii? Mwaka juzi tuliibiwa saa ya ukuta. Kitu ya mgeni ikipotea kwangu, nitakuangalia na macho gani?"

Nilitaka kukasirika, hasira ikakosa pa kushika. Kwetu mgeni akikuachia hata kamba, unalala juu yake. Kosa lilikuwa langu: nilimweleza ile ni mashine ghali ya chuo, sikumweleza inafanya nini. Nilipomweleza alifunika mdomo kwa mkono.

"Kwa hivyo nimekuharibia masomo?"

"Hapana, Mwalimu. Umenipimia kabati. Ni kabati zuri sana."

Hakucheka. Macho yalimjaa maji. "Na madarasa? Watatujengea jiko tatu zingine?"

Siku hiyo hiyo nilikuwa mbele ya Msanifu Mkuu kuomba muda.

"Wiki tatu," nikasema.

"Siku tano. Mkandarasi ananingoja."

"Wiki mbili, na nitakuambia ukweli ambao hutaki kuusikia."

"Siku kumi. Na usinipigie simu."

Loga ilirudi kwenye msumari. Mwalimu Mkuu aliweka dawati lake mwenyewe chini yake, akafundishia hapo siku zote za shule katika zile kumi, jioni akifunga mlango kwa kufuli aliyoitoa nyumbani kwake. Nikahesabu mara ya kwanza, nikahesabu mara ya pili. Nafuu ilikuwa digrii nne.

Msanifu Mkuu alivua miwani. "Tisa imekuwa nne? Wiki ile ulikuwa unaniuzia barafu."

"Tisa ilikuwa ya kabati. Nne ni ya darasa."

Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akarudia uso wa kazi. "Kwa digrii nne nibadilishe ramani?"

"Usibadilishe. Njoo ukae. Saa nane, chumba cha kwanza, dakika ishirini. Kisha cha pili. Ukisema ni sawa, nachana tasnifu yangu mbele yako."

"Na nani atanilipa hizo dakika?"

"Mimi nilitilia sahihi chumba hicho bila kukaa. Wewe uliidhinisha ramani yake bila kukaa. Tuko na deni sawa."

Alikuja. Aliketi kwenye dawati la Darasa la Tatu, magoti yakigusa kidevu, koti mwilini. Dakika ya saba alivua koti. Dakika ya kumi na mbili aliinuka akasema, "Toka, toka." Kwenye chumba cha pili aliketi akaanza kumuuliza Mwalimu Mkuu habari za vitabu, akasahau saa. Mwishowe akatoa kalamu, akachora matundu ya hewa juu ya ile ramani kwa mkono wake, akaandika neno "dari", akalipigia mstari.

"Ni muvea," Mwalimu Mkuu akamshukuru, na safari hii alicheka.

Habari ya kabati iko kwenye tasnifu yangu, kwenye sura ya makosa; Daktari alisema nikiitoa hatanipitisha. Watahini waliniuliza maswali mengi juu ya kabati kuliko juu ya dari. Nilifaulu. Ndengu nilizipeleka, debe moja badala ya nusu, maana Daktari alisema debe nami sikupata nguvu ya kubishana.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama ilifaa kusoma uzeeni kwa shahada ambayo sikuitumia hata mwaka mmoja. Huwaambia kuhusu lori la matofali. Yule Inspekta alifariki kabla sijampelekea jibu lake, lakini ninalo. Hesabu ya kwanza unatafuta unachokitaka. Ya pili unatafuta kilichopo. Anayeishia ya kwanza huweza kuwa na sahihi nzuri sana.

Mwezi uliopita nilipita pale shuleni, saa tano asubuhi, jua limeshika. Niliizima pikipiki chini ya mlima kama siku ile. Milango ya madarasa matatu mapya ilikuwa wazi na watoto wanaimba hesabu ndani. Nilizunguka hadi kwenye tangi. Kivuli kilikuwa pale pale, kipana, hakina dawati hata moja. Alikuwa amelala mbuzi mmoja tu.

Nilimhesabu mara mbili.