Mama Jusi na Nyota ya Mkia

Nyota yenye mkia ilipotokea juu ya Kengeja, mimi nilikuwa na mimba kubwa na shangazi yangu ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba. Kila baada ya sala ya magharibi nyota ile ilionekana upande wa machweo, mkia juu, kama ufagio ulioegemezwa ukutani. Watu walitoka na simu zao kuipiga picha. Mimi nilikatazwa hata kuchungulia dirishani.

"Nyota hino hufyagia," shangazi alisema. "Hufyagia wafalme, sembuse kitoto hakijazaliwa."

Ningecheka, lakini mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeharibika ikiwa kubwa vilevile, bila nyota yoyote. Kwa hiyo niliogopa, tena sana. Nililala na kisu chini ya mto, na nikitaka kwenda chooni, huko nyuma ya uwa, nilijitwika sinia kubwa la pilau ili nyota isinione.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa sekondari, Mkristo kutoka Iringa, mwanamke wa makamo asiyejaaliwa mtoto. Kwa kuwa hakuwa na mtoto, hapakuwa na jina la kumwitia Mama Fulani, basi mtaa mzima ulimwita Mwalimu tu, hata watu ambao hajawahi kuwafundisha kitu. Jioni moja aliniona nikivuka uwa na sinia langu. Akaja mbio, akidhani nimechanganyikiwa.

"Shikamoo, shangazi. Huyu ana nini?"

"Marahaba, Mwalimu. Yuno anajificha nyota."

Mwalimu alianza kucheka, akaona shangazi hacheki, akafunga mdomo. Alikuwa mtu wa kuiona Biblia katika kila jambo. Mvua ikizidi kidogo tu, alitutajia Nuhu. Akakaa mkekani, akatueleza kwamba nyota ni ishara za Mungu, na kwamba hata Kilimia kimetajwa katika habari za Ayubu. Hapo shangazi akageuka kumsikiliza. Kilimia ni kile kikundi cha nyota kinachomwambia lini ashike jembe, na maisha yake yote alidhani ni mali ya wakulima wa Kengeja.

"Kumbe Nabii Ayubu naye mkulima," alisema, na kuanzia hapo Mwalimu akaruhusiwa kusema atakalo.

Akasimulia nyota nyingine, ile iliyotangaza kuzaliwa kwa Yesu, ambaye sisi tunamwita Nabii Isa. Akaeleza jinsi mamajusi wa mashariki walivyoifuata mpaka nyumbani kwa mtoto, na zawadi zao za dhahabu, ubani na manemane.

Shangazi alitafakari. "Huyo Mama Jusi," aliuliza, "alikuwa mkunga?"

Mwalimu hakuelewa. Shangazi akamfafanulia taratibu. Mwanamke anafunga safari na watu wake, maana mtu wa heshima hatembei peke yake. Anaingia nyumba yenye mzazi. Mkononi ana ubani wa kumfukizia mzazi, manemane ya kitovu cha mtoto, na dhahabu, bila shaka ya herini.

"Kama si mkunga, basi ni nani?"

"Walikuwa wanaume, shangazi. Wataalamu wa nyota. Mmoja anaitwa majusi, wengi ndio mamajusi."

"Mwalimu, weye umesoma, mie sikatai. Lakini mwanamume gani ajuaye kazi ya manemane?"

Mwalimu alinitazama nimsaidie. Mimi nilikuwa nalia, kwa sababu tangu nyota ile itokee hakuna aliyewahi kuniambia kwamba huenda imemjia mtoto, si kumchukua. Nililia na kucheka kwa pamoja, sinia likiwa bado kichwani.

Kesho yake shangazi alilirudisha sinia jikoni. Kila magharibi alitoka uani mwenyewe, akaitazama nyota na kuiuliza Mama Jusi amefika wapi. Mwalimu alijaribu kumsahihisha mara kadhaa, kisha akachoka.

Nyota ilififia, na mtoto akazaliwa: msichana, mzima, mwenye sauti ya kuadhini msikitini. Tulipomleta nyumbani, tukasikia hodi. Alikuwa Mwalimu. Alishika pakiti ya ubani, manemane iliyofungwa kwenye karatasi, na herini ndogo ambazo, alikiri mwenyewe, dhahabu yake ni ya kupaka tu.

Shangazi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akampisha mlangoni.

"Karibu, Mama Jusi," alisema. "Umekawia."

Mwalimu hakusema kwamba walikuwa wengi, wala kwamba walikuwa wanaume. Alisimama pale kizingitini, machozi yakimtoka, akaitika.

Siku hizi mtaa mzima humwita hivyo, hata wanafunzi wake. Binti yangu ana jina lake zuri tulilompa siku ya akika, lakini mgeni akiuliza huyo Jusi mwenyewe yuko wapi, yeye ndiye anayenyoosha mkono.