Pua ya Paka wa Maman Odette

Jana ulinipigia kutoka Etterbeek, huko ughaibuni, mwanangu, una hofu kwamba pua ya paka wako imekauka. Nikakumbuka juma moja la baridi, enzi zile nilipokuwa na nywele nyingi na masikio machache.

Nilikuwa mwanafunzi kutoka Lubumbashi, nimepanga chumba huko huko, mtaa wa Koekelberg, kwa Maman Odette, mjane wa Bukavu aliyefanya kazi ya kutunza wazee. Nyumbani alikuwa na paka dume, mweupe pepepe, akamwita Bukari, kama ule ugali wetu. Marehemu mumewe ndiye aliyemwokota barabarani, mwaka wake wa mwisho duniani. Basi unaelewa paka yule alikuwa nani kwake.

Binti yake alipojifungua huko Liège, Maman akaenda kumsaidia, akaniachia Bukari. Elimu yangu yote ya paka ilikuwa moja, niliyoisikia utotoni: pua kavu ni ugonjwa, pua mbichi ni uzima.

Siku ya pili nikagusa pua, kavu kama ganda la karanga. Nikamtia Bukari kwenye mfuko wa sokoni, kichwa nje, tukapanda tramu, ile treni ya mitaani, kwenda kwa daktari wa wanyama, abiria wote wakimchekea. Daktari, mama mmoja mtulivu, akampima kila mahali, kisha akaniuliza paka hulala wapi. Nikamwambia juu ya chauffage, kile chuma cha ukutani kinachopasha nyumba joto. Akacheka mpaka nami nikacheka. Akanieleza kwamba pua ya paka hukauka na kulowa mara nyingi kwa siku moja, kwa joto, kwa usingizi, kwa kujilamba. Ikiwa na kidonda, au ikitoa damu au kamasi ya manjano, hapo nije. La sivyo, nitazame anavyokula na anavyojisaidia.

Unadhani nilisikia? Nilisikia kicheko tu. Siku ya tano pua ilikuwa mbichi na baridi, nikafurahi. Bukari akawa anaingia na kutoka kwenye sanduku lake la mchanga, anachuchumaa, anatoka, nikadhani anacheza. Chakula kimebaki, nikasema ameshiba. Macho hayana pazia, mwanangu, lakini yangu nilikuwa nimeyafunga mwenyewe. Mchana Maman akapiga simu, nami nikajigamba kwamba pua iko mbichi, hana shida.

"Bon," akasema, "anakula? Anakojoa?"

Sikujua.

"Mutoto wangu, nilikuachia paka, hapana pua yake. Enda uangalie ule muchanga."

Mchanga ulikuwa mkavu wote. Nilipomgusa tumbo, alilia kilio ambacho sijapata kukisikia tena. Safari hii kwenye tramu hakuna aliyecheka. Daktari akasema mkojo umeziba, na paka dume akiachwa hivyo hadi kesho anaweza kufa. Akamzibua, akabaki naye siku tatu.

Maman aliporudi nilimwambia kila kitu pale mlangoni, kabla hajatua begi, hata ule uzembe wa kujigamba. Nilingoja anifukuze. Akanitazama, akasema, "Umesema kweli. Alors, twende tumuchukue."

Jumapili ile akina mama wa kanisa walijaa sebuleni na masufuria ya sombe, kisamvu chetu, na samaki. Tuliimba kwa ajili ya mjukuu mpya, tukaimba na kwa ajili ya paka, naye Bukari alimaliza samaki mzima kwenye mapaja ya Maman. Sijapata kucheza ngoma vile.

Basi sikiliza, mwanangu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. Pua kavu peke yake haikuambii kitu, na pua mbichi isikulaze usingizi. Paka huficha maumivu yake, kwa hiyo mjue mzima mzima: anakula vipi, anakunywa vipi, anakojoa vipi, analala wapi, anakuja ukimwita. Kikibadilika kimoja, uliza mapema. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, sema upesi, wala usipambe. Hata watu uwapendao, usiwapime kwa uso peke yake.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kujali. Nyumba yako ijae vicheko, na kila kiumbe kitakachokutegemea kikukute uko macho. Amina.