Majina Mia Mbili na Kumi na Mawili

Jina la Chokaa alibandikwa na wafagiaji wa manispaa, likamganda. Kila mwaka, siku mbili kabla ya gwaride, walimkuta uwanjani amekunja suruali hadi magotini, ndoo mkononi, akichora mwenyewe mistari ya kusimamia askari na watoto wa shule. Alikuwa ofisa mzima, mwenye dawati na kabati la mafaili. Angeweza kumtuma mtu. Lakini mtu akichora ovyo, alisema, gwaride zima linakwenda upogo, na lawama atabeba nani?

Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa. Alijua bendi isimame upande gani ili upepo usisukumie matarumbeta kwenye kipaza sauti. Alijua watoto wa darasa la nne huanza kuanguka kwa jua baada ya dakika arobaini, hivyo aliwapanga karibu na gari la maji. Na Siku ya Kumbukumbu ya waliokufa vitani, viti vya wazazi na wajane aliviweka pembeni kabisa. Wengi walidhani ni dharau. Yeye alikuwa na sababu yake: mama akizimia, abebwe bila kupitishwa mbele ya mgeni rasmi.

Vita vilikuwa vya mpakani, na kwa maneno ya redio vilishakwisha. Orodha ya mji ule ilikuwa na majina mia mbili na kumi na mawili. Kuyasoma kwa heshima, msomaji avute pumzi kati ya jina na jina, kulichukua dakika kumi na nane. Chokaa alishapima kwa saa yake.

Jina la mdogo wake halikuwamo.

Mdogo wake huyo alirudi kwenye machela, kipande cha chuma kimekwama kwenye uti wa mgongo. Jeshi likampa barua ya kumstaafisha, naye akalazwa chumba cha nyuma nyumbani kwa Chokaa, pamoja na mkewe na binti zao wawili. Alilala mle miaka miwili na mwezi mmoja. Mtu akimjulia hali alijibu, "Nipo lindoni," na wote wakacheka hata siku ambazo hapakuwa na cha kuchekesha. Mwisho vidonda vya mgongo vikamla, homa ikampanda, akakata roho Jumanne adhuhuri, mkewe akimgeuza ubavu. Kanuni ya orodha ilikuwa wazi: ni waliokufa wakiwa kazini. Aliyefia kitandani na barua ya kustaafu chini ya mto alihesabiwa raia.

Mjane aliuliza mara moja tu kila mwaka, akiwa anaosha vyombo au anachana nywele za binti.

"Shemeji, mwaka huu je?"

"Nimeulizia. Kanuni ni ile ile."

"Haya."

Basi, yamekwisha. Siku ikifika alivaa gauni lake jeusi akaenda kukaa na wajane wenzake. Kwa kanuni hakuwa na kiti pale. Chokaa alikuwa akiongeza kimoja bila kumwambia mtu.

Mwaka wa nne tangu msiba, asubuhi ya kumbukumbu, mkurugenzi wa manispaa alimpigia simu wakati viti vinafutwa vumbi.

"Mgeni rasmi ana shughuli nyingine saa tano," akasema. "Ratiba ikatwe. Yale majina yanakula muda. Someni kumi, kwa niaba ya wote."

"Mkurugenzi, kuna watu wametoka mbali kuja kusikia majina ya watoto wao."

"Chokaa, usinitie majaribuni leo. Kumi."

Hakubishana, kubishana hakukuwa kazi yake. Alienda nyuma ya jukwaa, akakaa juu ya kreti tupu la soda, akaifungua orodha magotini. Kwanza alitia alama kumi za mwanzo. Akaona zote ni za ukoo mmoja na nusu, akazifuta. Akajaribu kwa vyeo, lakini makoplo wakabaki nje wote. Akajaribu jina moja kwa kila mtaa. Hapo akafika kwa ndugu watatu wa tumbo moja, ambao mama yao alikwisha kuketi kule pembeni, mkoba mapajani. Akimsoma mmoja, wale wawili atamweleza nini mama yao? Kalamu ikasimama.

Msomaji alikuwa mwalimu mstaafu, mama mnyoofu wa miwani minene, aliyewafundisha wengi wa wale marehemu kusoma na kuandika. Alikuja kuchukua karatasi yake.

"Wamesema kumi," Chokaa akamwambia.

"Kumi gani?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza njia. Chokaa aliangalia karatasi iliyochafuka alama zilizofutwafutwa, akamkabidhi.

"Soma wote," akasema.

"Wakiniuliza?"

"Sema ni mimi."

Mwalimu akapanda jukwaani. Alisoma kama alivyozoea kuita mahudhurio darasani, na huku pembeni baadhi ya wazazi waliitikia kwa sauti ya chini. Jina la thelathini, mkurugenzi aligeuka kumtafuta Chokaa kwa macho. Jina la sitini na kitu, mgeni rasmi aliangalia saa, akanong'onezwa, akainuka. Askari wa ulinzi wakainuka naye. Kiongozi wa bendi, asijue afanye nini, alipiga saluti akabaki ameganda nayo. Magari yakawashwa, vumbi likatanda juu ya viti, na mwalimu akaendelea kusoma katikati ya ngurumo za injini. Shada la maua lililopaswa kuwekwa na mgeni rasmi lilibaki juu ya kiti chake. Mwishoni baba mmoja mwenye fimbo alilichukua, akajikongoja nalo hadi kwenye mnara, akalilaza. Hakuna aliyempangia.

Watu walimshika Chokaa mkono. Mama wa wale watatu alimshika bega tu, akapita. Alirudi nyumbani alasiri akijua kazi imeota mbawa, lakini kifua kimemjaa.

Shemeji yake alikuwa uani, bado na gauni jeusi.

"Wamesomwa wote," akasema.

"Wote."

"Mia mbili na kumi na wawili. Nilikuwa nahesabu. Karatasi ilikuwa mkononi mwako, shemeji. Amri ulishaivunja. Ungeongeza mmoja, nani angejua?"

"Wangesema nimefanya yote kwa ajili ya ndugu yangu."

"Na wangesema," akajibu. "Ungekufa?"

Hakumpigia kelele. Aliingia ndani akabadilisha nguo, akapika, akampakulia kama siku zote. Ila tangu siku ile hakumwuliza tena jambo lolote, na baada ya miezi miwili alifungasha, akawachukua binti zake, akarudi kwao.

Barua ya uhamisho ilikuwa imekuja Jumatatu baada ya kumbukumbu: Chokaa apelekwe stoo, akatunze maturubai na viti. Gwaride akapewa kijana mmoja mwenye kompyuta. Mwaka uliofuata yalisomwa majina kumi, kwa dakika moja, na mambo yakaenda salama. Mwalimu mstaafu alikataa kusoma, wakampata mwingine.

Chokaa, akiwa stoo, alianza kuandika barua kuhusu mdogo wake. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya tatu ikarudi na mistari miwili: suala limefungwa. Aliikunja barua hiyo, akaomba ruhusa ya siku moja, akapanda basi kwenda kwao shemeji.

Alimkuta anaanika nguo. Shemeji akakausha mikono, akaisoma barua akiwa wima, akairudia, kisha akamrudishia.

"Umeandika mara tatu?"

"Tatu."

"Ungeandika kabla mume wangu hajatolewa maiti kwenye nyumba ile," akasema, si kwa hasira. "Mimi nimechoka, shemeji. Sitauliza tena, na wewe usiulize kwa ajili yangu."

Chokaa alisimama na barua mkononi kama mgeni aliyekosea mlango, akageuka aondoke.

"Watoto wanatoka shule saa tisa," shemeji akamwambia bila kugeuka, akiendelea kuanika. "Kaa wamwone baba yao mkubwa."

Akavuta kigoda, akakaa.