Kisanduku Nilichokitia Tiki

Kompyuta iliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilijibu ndiyo. Kwanza iliuliza kama kweli nataka kuiondoa programu ya kufungulia mtandao. Nikakubali. Kisha ikaleta kisanduku kidogo, ikauliza kama nifute pamoja nayo kila kitu ilichokuwa imekihifadhi. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kidato cha pili, na mimi nilimaliza cha nne. Nilielewa kila neno. Nikatia tiki. Laiti ningekataa pale, leo ningekuwa nasimulia kichekesho, maana sehemu kubwa ya mambo ya wiki ile inachekesha kweli.

Kompyuta ilikuwa ya mke wangu kuliko yangu. Ilikaa sebuleni kwetu hapa Cheyo, Tabora, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Mimi niliifungua kusoma habari za mpira. Yeye aliandika barua. Alimwandikia binti yetu, mtoto wetu pekee, ambaye anafundisha Mbeya, lakini hakuzituma. Aliziweka kwenye sanduku lake la barua pepe, pale panapokaa rasimu.

"Nikimaliza zote ndiyo nitamtumia," alisema. "Hadithi haigawiwi nusu nusu kama nyama ya mbuzi."

Zilikuwa barua arobaini na moja. Ndani yake aliandika yote aliyosimuliwa na bibi yake kule Sikonge kuhusu baba wa bibi huyo, aliyekuwa mpagazi, akabeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu. Nani aliugua njiani, nani aliachwa, walikula nini walipokosa chakula, nyimbo gani ziliimbwa mlima ukiwa mkali. Katika ukoo wao wote hakuna mwingine aliyekuwa anayajua hayo.

Mke wangu alifariki masika ya mwaka juzi. Ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilipokaribia, binti yetu alipiga simu kusema angefika Jumamosi. Nikamwambia nitazichapa barua zote, azikute mezani.

"Baba, usizisome peke yako," alisema. "Tuzisome wote."

Nilikuwa nimeshasoma tatu. Nikaahidi kutoongeza hata moja.

Jumanne asubuhi nikawasha kompyuta. Programu ikafunguka, ukurasa ukaanza kujitokeza, kisha pu! ikajifunga yenyewe. Nikafungua tena. Pu! Mara ya tatu nikafungua polepole, kana kwamba polepole yangu ingeitia huruma. Ikakaa kitambo cha kupiga chafya moja, ikajifunga. Nikaizima, nikaiwasha. Nikapuliza vumbi. Nikahamisha waya kutoka tundu hili kwenda lile. Nikaitukana kwa Kinyamwezi, kwa sababu kwa Kiswahili ningesikika kwa jirani. Haikusaidia, ila niliona raha.

Hapo nikampigia fundi. Ni mama wa makamo, ana kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na soko, na ni Mgogo. Maana yake ni mtani wangu. Mababu zetu walipopita Ugogo na mizigo, mababu zake waliwadai hongo ndipo wanywe maji, na tangu hapo sisi na wao tumekuwa tukitukanana kwa mapenzi hadi kwenye misiba. Siku tulipomzika mke wangu, fundi huyu alilala kaburini kabla jeneza halijashuka, akagoma kutoka mpaka apewe asali. Watu walicheka huku machozi yanawatoka.

"Shikamoo, mtani mzee."

"Marahaba, mwizi wa visima. Kompyuta yangu inajifunga."

"Imekuona sura. Ungekuwa wewe usingejifunga?"

Akanihoji kwenye simu kama daktari. Inajifunga mara ile ile au baada ya muda? Kurasa ngapi zinafunguka kwa pamoja? Kuna nyongeza zozote zimepachikwa? Sikujua nyongeza ni nini. Akaniambia ni viprogramu vidogo vinavyodandia kwenye programu kubwa, kama kupe mgongoni mwa ng'ombe. Akanielekeza namna ya kuifungua programu bila hao kupe, vidole viwili kwenye vitufe, kimoja kwenye kipanya, na simu nimeibana shingoni.

Ikafunguka. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Dakika moja. Mbili. Nne! Ikajifunga. Lakini dakika nne! Nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni.

Jumatano niliamka na hamu kama mtoto siku ya Krismasi. Nikawinda kupe. Niliwakuta sita, na wawili nilikuwa nimewakaribisha mwenyewe kwa kubonyeza tangazo la mpira. Nikawaondoa mmoja mmoja, kila mara najaribu. Dakika sita. Dakika tisa. Mara ile ya dakika tisa nilifika kwenye sanduku la mke wangu, likafunguka lenyewe bila kuuliza neno la siri kama siku zote, nikaiona orodha ya barua na maneno ya mwanzo ya ile ya juu kabisa: "Binti yangu, leo nitakusimulia siku walipoiona bahari wakadhani ni moshi." Sikusoma zaidi. Niliahidi. Na kabla sijachapa hata moja, pu!

Nikampigia fundi, napumua kama nimetoka kukimbia.

"Nimefika! Nimeziona! Zimebaki kidogo tu!"

"Hongera, mtani. Kumbe Mnyamwezi naye hujifunza. Sasa sikiliza. Hiyo programu imeharibika ndani. Itabidi tuiondoe kabisa, tuweke mpya."

"Nitaiondoa sasa hivi."

"Wewe? Mnyamwezi kazi yake kubeba mzigo, kufungua anafungua mwenye mali. Tulia hapo ulipo. Kesho asubuhi nakuja na flashi, kwanza tunanakili vitu vya mama, ndipo tunafuta. Usiguse chochote kabla sijafika."

Nalikumbuka hilo neno la mwisho na jinsi alivyolitamka. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Watani tunajuana, mtu anapoacha utani sauti yake hushuka, hata mtoto hutambua. Mimi nilitambua. Lakini kichwani mwangu ilibaki ile ya kubeba mzigo, na kwetu maneno ya mtani hayaachwi yakalala bila jibu. Nikajiambia hata lile la mwisho lilikuwa utani. Nilijidanganya, na nilijua najidanganya.

Saa nane mchana, jua likiwa linapiga kwenye bati, niliketi mbele ya mashine. Nikaitafuta programu kwenye orodha. Ondoa? Ndiyo. Futa na vyote vilivyohifadhiwa? Nikafikiri: ugonjwa umo humo ndani, nikiuacha utarudi. Barua ziko kwenye mtandao, si humu. Tiki.

Nikapakua programu mpya, nikaiweka, nikaifungua. Ilikuwa nyepesi kama baiskeli iliyotiwa mafuta! Nikafungua habari za mpira, picha, video ya kwaya. Dakika kumi. Ishirini. Nusu saa! Nilizunguka meza nikicheza hatua za kwaya ya vijana, mimi na magoti yangu haya. Nikampigia fundi ili aumie vizuri.

"Mgogo! Usije kesho, utachoka bure. Mzigo nimeubeba na nimeufungua!"

Nilingoja kicheko.

"Mzee," alisema, wala hakusema mtani, "neno la siri la mama unalo?"

"La nini? Linafunguka lenyewe."

"Ile programu uliyoifuta ndiyo iliyokuwa inalikumbuka."

Nikaenda kwenye sanduku lake. Kwa mara ya kwanza likaniuliza mimi ni nani. Nikaandika jina la binti yetu. Hapana. Kijiji alikozaliwa. Hapana. Tarehe ya harusi yetu, nikaikosea mwaka, nikarudia. Hapana. Mwishowe likajitolea kutuma tarakimu kwenye namba ya simu ya mwenye sanduku. Namba hiyo ilikuwa ya simu yake ya tochi, na laini yake ilikuwa imekwisha kufungwa kwa kukaa miezi bila kutumika. Laini siku hizi husajiliwa kwa alama ya kidole cha mwenyewe, na mwenyewe alikuwa kaburini.

Fundi alikuja jioni ile ile, hakungoja kesho. Hakunitania hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko tusi lolote alilowahi kunitukana. Alijaribu kufukua yaliyofutwa, lile neno la siri likiwamo. Ile programu mpya, na zile video nilizofungua kwa shangwe, zilikuwa zimejiandika juu ya mahali pale pale. Alijaribu mpaka kesho yake mchana. Tuliwaandikia wenye huduma, tukapeleka cheti cha kifo. Walijibu kwa adabu kwamba hawawezi kumfungulia mtu sanduku la mwingine.

Jumamosi binti yangu alishuka kwenye basi akiwa amekumbatia faili jipya la kutunzia zile karatasi. Nilimwambia pale pale stendi, kabla hajaweka begi chini. Sikusema kompyuta iliharibika. Nilisema, "Niliambiwa ningoje, sikungoja. Ni mimi niliyefuta." Aliniangalia, akasema, "Baba, ungenipigia tu simu kwanza." Kisha tukaenda nyumbani.

Nilimsimulia zile tatu nilizosoma, kadiri ninavyozikumbuka, na ya nne ule mstari mmoja wa bahari na moshi. Akaandika. Zilijaza kurasa tano. Uamuzi wangu wa mchana ule ulitugharimu barua thelathini na nane za mke wangu, ambazo hakuna mtu aliye hai aliyepata kuzisoma, na safari ya yule mpagazi, baba wa bibi yake, ambayo sasa hakuna anayeujua mwisho wake.