Mizizi Inayopumua

Mimi ni mtu wa Kitui. Bahari nilikutana nayo Jeddah, nikiwa yaya wa familia ya Riyadh iliyokwenda mapumziko. Siku hiyo tulikuwa kwenye ufuo wa hifadhi, kisiwa kidogo mbele yetu, mikoko imesimama majini na yangeyange weupe juu yake. Madam aliniagiza nitandike mkeka kivulini, karibu na mikoko. Lakini pale chini palijaa vijiti vyembamba vilivyosimama wima. Na mimi, niliyezoea kufagia ua kabla ya chai, siwezi kutandika mahali pachafu. Nikaving'oa vyote, nikavirundika kando, nikajisifu moyoni.

Mlinzi wa hifadhi alikuja mbio. Aliponisikia nikinung'unika kwa Kiswahili alisimama. Kumbe naye alikuwa Mkenya, wa Lamu.

"Dada yangu, wafanya nini? Hiyo ni mizizi. Mkoko wapumulia hapo."

"Woi! Mimi nilidhani ni uchafu tu. Si tuirudishe?"

"Haishiki tena. Nyamaza, nitasema ni ngamia."

Ngamia wa huko hula mikoko kweli, kwa hiyo uongo wake ungeaminika. Ila kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kuwafukuza hao hao ngamia. Mkubwa wake alipofika, akaliona lile rundo na kuambiwa ni ngamia, alimfokea mbele yetu sote. Halas, imekwisha, kesho asije kazini.

Sikuweza kuvumilia. Nikajipiga kifua, nikasema kwa Kiarabu, "Ana!" Ni mimi.

Madam akanigeukia. Habari za mizizi hakuuliza.

"Unamtetea kwa nini? Unamjua huyu mwanamume?"

Kwa sisi wa kazi za ndani, kujuana na mwanamume kulitosha kukurudisha nyumbani mikono mitupu. Aibu ilinishika hata kabla sijafungua mdomo.

"La, madam. Simjui."

"Basi yalla, ingia garini."

Ni kweli, hata jina lake sikulijua. Lakini alikuwa ameniita dada, nami nikaitika. Mpaka leo nikikumbuka, uso unaniwaka kwa aibu.

Gari lilipoondoka niligeuka kutazama. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, akiichomeka ile mizizi mmoja mmoja, yeye aliyeniambia kwamba haishiki tena.