Kasha la Diski ya Mwalimu Insaf

Mwalimu Insaf alinifundisha hesabu darasa la nne hapa Mansura, na mpaka leo, nina mvi na duka langu la kompyuta, siwezi kumpandishia sauti. Hilo ndilo linaloniua.

Kompyuta ya marehemu mumewe, Fathi, ilipokufa, nilimtolea diski yake. Sauti alizojirekodi Fathi zote zimo humo, na nakala nyingine hakuna. Nikamwambia atafute kasha la kuisomea diski nje ya kompyuta, la diski kubwa, lenye waya wake wa umeme. Akaniletea dogo, la diski za laptopu, kwa sababu lilikuwa na rangi ya waridi.

"Haiingii, Mwalimu."

"Sukuma kidogo, mwanangu."

"Hata nikiikalia haiingii!"

La pili lilikuwa na upana wa kutosha, ila halina waya wa umeme. Diski ililia tik, tik, nami nusura nilie nayo. La tatu nikanunua mwenyewe: la bati, matundu ubavuni, feni nyuma. Diski ikazunguka vizuri. Nikamwomba aniachie siku moja nitoe nakala.

"Fathi halali nje," akasema, akaondoka nayo.

Wiki haikuisha, akapiga simu: diski inajizima. Nikapanda ghorofa zake tano roho mkononi. Kasha alikuwa amelifunga nailoni, kama alivyoifunga rimoti ya televisheni, na juu ya nailoni kalishonea kifuniko cha kitambaa cha maua. Matundu yamezibwa, feni imezibwa. Ungeweza kukaangia yai.

"Mwalimu! Unataka kuiua?"

"Na vumbi je? Vumbi la hamsini, huo upepo wa jangwani, linabisha hodi kwako?"

Nikavua vyote. Tukangoja ipoe, tukanywa chai. Nilipowasha tena, ikaamka. Nikafungua sauti ya kwanza niliyoiona. Fathi alikuwa akimsomea binti yao barua, taratibu, kisha akakatiza kwa ukali:

"Insaf! Toa hicho kitambaa chako kwenye kompyuta, inaungua!"

Nikageuka nimwambie, umesikia sasa? Mwalimu alikuwa amejiziba mdomo kwa kile kifuniko cha maua, machozi yanamtiririka.

"Rudisha nyuma, Mamduh," akasema. "Hapo anaponigombeza."