Mara Mbili Kwenye Mteremko wa Mahango

Niliondoka Kasese kwa sababu nilichoka kuulizwa pikipiki nitaiuza lini. Mwaka mmoja kabla, nilianguka kwenye mteremko ulio chini ya Mahango nikavunjika mfupa wa bega. Tangu hapo kila mtu nyumbani aliamini kwamba Masika, muuza vipuri mwenye miaka arobaini na mitatu, amekoma milima. Sikuwa nimekoma. Nilitaka kuipita njia ileile, nilale kwenye hema, nifike Bwera kule mpakani na kurudi mzima.

Nilimwomba Afande Opio anisindikize. Ni sajenti mstaafu, mtu wa kaskazini aliyeletwa hapa na jeshi akabaki, na ndiye aliyenifundisha kuendesha. Alikubali kwa sharti moja: mzigo aukague yeye.

Jioni ya kuamkia safari alisimama uani kwangu. "Toa yote! Weka chini!"

Nikatandaza kila kitu juu ya turubai. Sufuria mbili zikawa moja. Viti vya kukunja vikarudi ndani.

"Hii ya nini?"

"Mto wa kulalia, Afande."

"Kunja jaketi. Hiyo iko mto."

Yakabaki hema, kamba, pampu, tyubu mbili, spana, plagi ya akiba, waya wa klachi, maji na chakula. Vizito tulivifunga chini na katikati, visiivute pikipiki nyuma kwenye mwinuko. Kisha akanitaka nifungue gurudumu, nitoe tyubu na kuirudisha mbele yake. Nilipomaliza alisema, "Sawa." Kwa Afande, hiyo ni medali.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliiacha lami, tukapunguza upepo kwenye matairi ili yashike udongo, tukaanza kupanda. Njia ilikuwa nyembamba, migomba huku, kahawa kule, na mvua ya juzi ilikuwa imechimba mifereji katikati. Afande alikuwa nyuma yangu. Kila nilipogeuka nilimwona yuko mbali, nikadhani ananiachia nafasi.

Alasiri tulifika Mahango. Mama Mbambu, mkulima wa kahawa, alitupokea kana kwamba tulikuwa tumealikwa. "Wasibire! Karibu! Piga hema hapa, ng'ombe hapana fika." Alitupa bundu ya moto, ugali wa muhogo, pamoja na maharage, akatukataza kupika chetu. Afande alijimiminia chai, na nusu yake ikamwagika nje ya kikombe. Nikasema moyoni, mzee amechoka.

Asubuhi, baada ya mwendo mfupi, tukafika kwenye mteremko wangu. Bega lilianza kuuma kabla sijafanya lolote. Nilizima injini nikautazama: mawe yaliyolegea, mfereji upande wa kushoto, kona, halafu korongo. Nikachagua mstari wangu kwa macho. Nilipogeuka kumwonyesha Afande, alikuwa ameshuka, ameshika usukani kwa mikono miwili, hasogei.

"Afande, kuna nini?"

"Masika, mimi naona jicho moja tu. Hii ya kulia iko moshi. Chini, mbali, karibu, yote iko sawasawa."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ile ingine. Hata mama watoto hajui."

Nilikasirika, sifichi. Alikuwa amekagua hadi mto wangu wa kulalia! Lakini nilimwona bado ameung'ang'ania usukani, mtu aliyewahi kuwaamuru vijana mia, na hasira ikanitoka. Nikamwambia, "Leo mimi ndiye afande. Wewe unashuka kwa miguu. Pikipiki nazishusha mimi."

Nilishusha yangu kwa gia ya kwanza, klachi nikaiacha kabisa, breki ya mbele nikaigusa kwa kidole kimoja. Kwenye kona tairi la nyuma liliteleza. Nikatazama ninakotaka kwenda, si kule korongoni, na likanyooka lenyewe. Nikaegesha chini, nikapanda tena kwa miguu huku nikihema, nikaishusha yake. Safari hii tulifunga kamba nyuma ya pikipiki, yeye akaishika akishuka kwa miguu nyuma yangu, akiivuta isikimbie. Mara ya pili bega halikuuma hata kidogo.

Bondeni tuliiacha pikipiki yake kwa mwenye stoo ya kahawa hadi nitakapoifuata, Afande akapanda nyuma yangu. Hadi Bwera alinipigia kelele sikioni: "Punguza! Kona! Punguza!"

Saa tisa tulifika kwa mama yangu mdogo, Ithungu, anayeuza vitenge sokoni. Alimshika Afande kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Hii jicho iko na wingu. Munganga wa macho iko hapa karibu. Twende sasa, chakula mutakula nyuma." Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba hutolewa.

Siku ya tatu tulirudi kwa lami. Kwenye njia panda ya Kikorongo tulisimama kati ya malori, tukanunua mahindi ya kuchoma. Afande alikaa muda mrefu na simu mkononi, kisha akampigia mkewe. "Mama Akello, kuna kitu nilikuficha." Nikasogea pembeni nisimsikilize.

Sasa kila anayetaka kwenda nami mlimani namkalisha kwanza, kabla hatujagusa spana, namuuliza mwili wake unasemaje. Wengine hucheka. Nawasubiri wamalize kucheka, halafu nauliza tena.